Jinsi ya kusoma msalaba wa jiwe wa kale uliochakaa: mwongozo kamili, mfano wetu ukiwa msalaba wa Gosforth

Wadau wa huku Uingereza, na nyie mnaokuja kusoma au kutembelea ndugu, hii ni yenu. Kwenye makaburi ya makanisa ya vijijini huku kuna misalaba ya mawe imesimama miaka elfu na zaidi na watu wanaipita kama nguzo za umeme tu. Hata wale wanaofunga safari kuiona wanapiga selfi mbili, wanaona jiwe limefubaa lina madoa ya kijivu, wanarudi kwenye gari wanasema hamna kitu pale. Kitu kipo bana. Ila jiwe lililochakaa halisomwi saa yoyote uliyojisikia kufika, linasomwa kwa mwanga unaotokea pembeni, na kila upande wa jiwe una saa yake ya kupata huo mwanga. Hiyo ndo siri yote, mengine humu chini ni namna ya kuitumia bila kuharibu chochote.

Nitaenda na mfano mmoja mwanzo mwisho, msalaba wa Gosforth, kijiji cha Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kilomita chache kutoka bahari ya Ireland. Upo nje kabisa, makaburini, pembeni ya kanisa la Mtakatifu Maria. Ni jiwe la mchanga, jekundu, mwembamba sana kwa urefu wake, karibu mita 4.4, chini nguzo ni ya mviringo alafu ikipanda inageuka kuwa ya pembe nne, na juu kabisa kuna kichwa cha msalaba chenye duara. Ulichongwa kwenye nusu ya kwanza ya miaka ya 900, wakati watu wenye asili ya Skandinavia, hao tunaowaita Waviking, wameshahamia pwani ile na kuanza kulima na kuzaa na kuzikwa pale. Na nimeuchagua kwa sababu jiwe hilohilo moja lina Yesu na lina miungu ya kipagani ya kaskazini, wamechongwa pamoja, sijui kama kuna kijiji kingine cha Uingereza utapata kitu kama hicho kikiwa bado kimesimama hivyo.

Hatua ya 1: anzia ndani kabla hujaenda nje

Kama upo London una bahati. Makumbusho ya Victoria and Albert pale South Kensington, kuingia bure, yana kumbi mbili kubwa zilizojaa nakala za plasta za sanamu na minara ya Ulaya, na humo wana nakala ya msalaba wa Gosforth ya mwaka 1882. Sasa fikiria: plasta imekaa ndani tangu 1882, hainyeshewi, haipigwi na baridi, kwa hiyo unachokiona pale ni sura ya jiwe kama ilivyokuwa zaidi ya miaka 140 iliyopita, wakati jiwe lenyewe limeendelea kula mvua za Cumbria muda wote huo. Piga picha kila upande, karibu na kwa mbali, uzihifadhi kwenye simu. Ukifika kijijini utaziweka pembeni ya jiwe halisi ulinganishe, na utaona palipolika. Tazama tovuti yao kwanza ujue ukumbi upo wazi, makumbusho huwa wanafunga vyumba kwa matengenezo bila kukuuliza.

Kama unatokea Carlisle na gari, pita Aspatria. Kwenye uwanja wa kanisa pale kuna nakala ya jiwe, saizi kamili, ambayo kasisi William Calverley aliichongesha mwaka 1887. Yeye na daktari mmoja wa Gosforth, Charles Parker, ndo walikuwa kati ya watu waliofumbua maana ya michongo ile miaka ya 1880, wote wawili sio maprofesa, ni watu wa palepale waliokuwa na macho na subira.

Alafu ingia kwenye orodha ya michongo ya mawe ya enzi za Anglo-Saxon inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Durham, ipo mtandaoni bure, tafuta Gosforth. Pakua picha na vipimo. Ila ushauri wangu, maelezo ya nani ni nani kwenye mchongo usiyasome bado. Ukishaambiwa pale kuna mbwa mwitu utamwona mbwa mwitu hata kwenye ufa.

Hatua ya 2: begi

Tochi ya LED yenye nguvu, mbili kama unaweza. Simu yenye kamera nzuri au kamera yenyewe. Stendi ya miguu mitatu. Mwavuli mweusi, na sio wa mvua, nitaeleza. Tepu ya kupimia ya kitambaa kama ile ya fundi cherehani, sio ya chuma, ya chuma inakwaruza. Rula fupi ya plastiki au kadi yenye alama za sentimita. Penseli, daftari, dira (simu nyingi inayo). Koti la mvua hata kama jua linawaka, hiyo ni Cumbria.

Usafiri: treni ya pwani kati ya Carlisle na Barrow inasimama Seascale, kutoka hapo mpaka Gosforth ni kama kilomita 4, unaweza kutembea au uite teksi mapema maana teksi hazikai zinasubiri pale. Wenye gari, barabara ni A595. Treni za laini ile sio nyingi kwa hiyo panga siku yako kwa ratiba ya kurudi na sio ya kwenda, watu wengi wanakwama hapo.

Na droni acha nyumbani. Kituo cha nyuklia cha Sellafield kipo hapo jirani, anga yake ina marufuku ya kurusha, na polisi wa eneo lile wana silaha na hawana utani. Hakuna picha ya msalaba inayostahili hayo maelezo utakayokwenda kutoa.

Hatua ya 3: hodi

Uwanja wa kanisa upo wazi, hakuna tiketi. Lakini kama unataka kukaa masaa na stendi na tochi, hasa giza likiingia, tuma ujumbe kwa kanisa siku kadhaa kabla useme wewe ni nani na unataka kufanya nini. Mtu mwenye tochi anazunguka makaburini usiku, kwetu angeshaitwa majina mengine, na hapo kijijini nako watapiga simu polisi. Ukitoa taarifa mapema mara nyingi unapata zaidi ya ruhusa, mzee mmoja wa kanisa anakuja na funguo anakuonyesha vitu vya ndani ambavyo nitavitaja chini.

Makaburi mengine pale ni ya watu wenye familia hai. Usikanyage kaburi kutafuta engo, na kama kuna maziko au ibada, ondoka, rudi baadaye.

Hatua ya 4: vitu ambavyo hutafanya

Hapa naomba msome taratibu. Jiwe la mchanga ni chembe za mchanga zilizoshikana, na kati ya chembe kuna vitundu. Maji yanaingia humo, baridi ikija yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, chembe zinasukumwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Pwani kuna chumvi pia, inaingia na unyevu, jiwe likikauka chumvi inajikusanya chini ya ngozi ya jiwe na kuisukuma nje. Ndo maana jiwe kama hili linaweza kuonekana zima kwa nje kumbe ngozi yake imeshaachana na mwili, ukigonga kwa kidole tu inabanduka, na kwenye ile ngozi ndo mchongo wote ulipo. Nyuma yake hakuna nakala.

Kwa hiyo: usisugue, sio kwa brashi ya waya, sio hata kwa mswaki. Usimwage bleach wala sabuni, kemikali zinabaki ndani zinaendelea kazi ukiwa umeshalala kwako. Usijaze chaki kwenye mistari ili ionekane vizuri kwenye picha, wala unga, wala povu la kunyolea ndevu (watu wanafanya hii kwenye makaburi ya zamani, nimeona picha zao, inauma). Usiweke karatasi na kusugua kalamu ya nta juu yake, kwenye jiwe laini ule mkandamizo unang'oa chembe. Usiegemeze ngazi. Usigonge kusikia kama liko tupu ndani.

Yale madoa ya kijivu, meupe na ya njano, ule ukoga mkavu, ni viumbe hai, vingine vina umri mkubwa kuliko bibi yako na vinakua milimita chache tu kwa mwaka. Kuna vinavyoliumiza jiwe na kuna vinavyolifunika lisilike, kutofautisha ni kazi ya wataalamu. Wewe viache.

Kisheria pia hii sio mchezo. Msalaba unalindwa kama mnara wa kale chini ya sheria ya mwaka 1979, kuuharibu ni kosa la jinai, kufanya kazi yoyote juu yake bila kibali cha serikali ni kosa, na kupitisha mashine ya kutafutia vyuma kwenye eneo linalolindwa bila kibali ni kosa vilevile. Kuangalia, kupiga picha na kuchora hakuna shida.

Hatua ya 5: saa ya kila upande

Sasa tuingie kwenye nyama. Kila mtu atakuambia nenda asubuhi mapema jua likichomoza au jioni likizama, mwanga mzuri. Kwa picha ya mandhari sawa. Kwa kusoma mchongo ni ushauri mbovu, kwa sababu jua la asubuhi linaupiga uso wa mashariki usoni kabisa, moja kwa moja, na mwanga wa moja kwa moja unafuta vivuli vyote, mchongo unalala unakuwa kama ukuta. Unachotaka ni jua lililo karibu sambamba na ule uso, linalopita juu ya ngozi ya jiwe, ili kila kijibonde cha milimita moja kitoe kivuli chake. Kwa maneno mengine, uso unasomeka vizuri pale jua linapokaribia kuuacha au limeufikia sasa hivi.

Gosforth ipo magharibi ya mstari wa Greenwich, kwa hiyo jua linafika kusini kamili kama saa saba na robo mchana kwa saa za kiangazi, na kama saa sita na robo kwa saa za baridi, inapishana dakika chache kwa tarehe. Kutokana na hapo hesabu ni nyepesi:

Uso wa mashariki: saa moja ya mwisho kabla ya jua kufika kusini. Kiangazi hiyo ni saa sita na robo mpaka saa saba na robo, na nusu saa ya mwisho ndo tamu zaidi. Uso wa magharibi: geuza, saa moja ya kwanza baada ya hapo. Yaani nyuso mbili zenye mambo mazito kuliko zote unazipata mfululizo mchana, wakati wapiga picha wote wameenda kula.

Uso wa kusini: hapa unataka jua likiwa mashariki kamili au magharibi kamili. Mwezi wa sita hiyo inaangukia kama saa mbili na nusu asubuhi na tena kama saa kumi na mbili jioni. Wakati wa baridi sahau, jua linachomokea kusini mashariki na kuzama kusini magharibi, linaupiga usoni siku nzima.

Uso wa kaskazini ndo mgumu. Unapata jua kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba tu, asubuhi mapema na jioni, na mwezi wa sita dirisha ni lile la kabla ya saa mbili na nusu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Ukienda Januari huo uso hautauona ukiwa na jua hata ukae wiki.

Toa dira uhakikishe, nyuso haziangalii pande kamili kama ramani na miti nayo inakula mwanga, kwa hiyo fika nusu saa kabla ukae uone kivuli kinavyotembea. Ukiwa na siku moja tu na mwezi ni wa sita, panga hivi: asubuhi kusini na kaskazini, mchana mashariki alafu magharibi, kati ya hapo uingie kanisani.

Hatua ya 6: jua likikataa

Na litakataa. Hapo inaingia tochi. Ishike pembeni ya jiwe, mwanga ulalie ngozi kwa pembe ndogo sana, digrii 10 mpaka 20, bila kugusa. Mwenzako ashike tochi wewe ushike kamera, au kamera ikae kwenye stendi na wewe uzunguke na tochi. Piga picha mwanga ukitoka kushoto, alafu juu, kulia, chini, bila kusogeza kamera hata kidogo. Mstari unaolala sambamba na mwanga hautoi kivuli, kwa hiyo picha moja inadanganya, nne ndo zinaanza kusema ukweli.

Mchana mwanga wa mawingu unaimeza tochi. Mwavuli mweusi ndo kazi yake hiyo, mtu aushikilie juu ya sehemu unayotaka, giza kidogo likipatikana tochi inarudi na nguvu yake. Au nenda Desemba, giza linaingia saa kumi jioni, unafanya kazi yako yote na bado unawahi treni.

Fleshi ya simu izime. Ipo pembeni ya lenzi, inapiga mbele moja kwa moja, ni adui yako namba moja hapa.

Wenye kamera na muda wanaweza kwenda mbali zaidi: kamera imefungwa kwenye stendi, unaweka kampira keusi kanakong'aa ndani ya fremu, kwenye kistendi chake na sio kwenye jiwe, unapiga picha kama 40 hadi 60 huku taa ikihama kila mara lakini umbali ukibaki uleule. Kuna programu za bure zinasoma ile nukta ya mwanga kwenye kampira, zinajua taa ilikuwa wapi kila picha, zinakutengenezea faili moja ambalo ukiwa nyumbani unaburuta maus na mwanga unahama juu ya jiwe. Nyuso laini kama hizi inafichua vitu ambavyo jicho halikuvipata pale.

Hatua ya 7: chora

Najua, simu ipo. Chora tu. Hata kama unachora vibaya. Mkono unapofuata mstari unalazimika kuamua huu mstari unaishia wapi, umepita juu au chini ya mwenzake, huu ni mguu au mkia, na picha haikulazimishi hivyo. Tumia mistari ya aina tatu: mzito kwa unachokiona bila shaka, wa nukta kwa unachokihisi, na eneo la kupaka kijivu pale ngozi ya jiwe imeondoka. Andika saa, hali ya hewa na upande wa mwanga kwenye kila mchoro. Kama ulichokiona saa sita hukioni tena saa tisa mwanga ukiwa tofauti, kishushe daraja kiwe cha nukta.

Hatua ya 8: sasa ndo usome nani ni nani

Anayetaka kujaribu mwenyewe kwanza aruke sehemu hii, arudi akitoka.

Chini, ile sehemu ya mviringo inapoishia, na kupanda juu, nyuso zimejaa minyororo, mafundo na majoka yaliyosukwa. Ule msuko wa pete kama mnyororo ni mtindo wa Kiskandinavia, na ni moja ya sababu jiwe linawekwa kwenye miaka ya 900.

Uso wa mashariki, chini, tafuta fremu yenye mtu aliyenyoosha mikono. Ni Yesu, ila nyuma yake hakuna msalaba, mikono inafika kwenye fremu. Chini yake mtu mwenye mkuki, yule askari ambaye mapokeo yanamwita Longino, na upande wa pili mwanamke mwenye nywele zilizofungwa nyuma na gauni linaloburuta, ameshika kitu. Wengine wanasema Maria Magdalena na chupa ya marhamu. Lakini mavazi na nywele ni zilezile za wanawake wanaochongwa Skandinavia wakiwapokea mashujaa waliokufa na pembe ya kinywaji. Mchongaji alitumia umbo ambalo watu wake walilijua. Juu zaidi uso huohuo kuna mtu amesimama mbele ya mnyama, mkono mmoja unasukuma taya la juu, mguu umekanyaga ndani ya taya la chini. Huyo ni Vidar, mwana wa Odin mkuu wa miungu ya kaskazini, anampasua Fenrir, mbwa mwitu aliyemmeza baba yake siku ya mwisho ya miungu.

Uso wa magharibi, chini kabisa, kuna mtu amefungwa na mwanamke amepiga magoti juu yake na chombo mkononi. Ni Loki, mungu mjanja wa fitina, aliyefungwa na miungu wenzake chini ya nyoka anayemdondoshea sumu, na mkewe Sigyn anaikinga kwa bakuli, bakuli likijaa anakwenda kumwaga, sumu inamfika mume, anajitingisha na ardhi inatetemeka. Kwa maoni yangu hii ndo picha bora ya jiwe zima, mama anaonekana kachoka kabisa. Juu yake kuna mpanda farasi amegeuzwa kichwa chini, na juu tena mtu mwenye fimbo na baragumu anawazuia wanyama wawili waliofunua midomo. Wengi wanasema huyo ni Heimdall, mlinzi wa miungu. Inawezekana.

Kusini kuna mpanda farasi na kuna ayala, yule wa Zaburi ya 42, mwenye pembe za matawi. Kaskazini wapanda farasi wawili, mmoja kichwa chini tena, na joka lenye mabawa. Hapa tafsiri ni nyingi na hakuna iliyoshinda. Ukikutana na ukurasa unaokupa jina la kila kiumbe kwenye jiwe lote bila kusita, mshangae aliyeandika.

Kitu kimoja cha kukumbuka unaposoma hadithi zenyewe: maandishi marefu tuliyonayo kuhusu miungu hiyo yalitungwa Iceland, ya mwandishi Snorri Sturluson ni ya karibu mwaka 1220, yaani miaka kama 300 baada ya msalaba huu kuchongwa. Kwa hiyo jiwe ni shahidi mkubwa kuliko kitabu, na pale yanapotofautiana sio lazima jiwe ndo limekosea. Kwa nini wote kwenye nguzo moja? Mimi naona mchongaji alikuwa anahubiri. Dunia ya miungu ya zamani inaisha, mbwa mwitu anapasuliwa, nyoka anashindwa, na chini pale yupo mmoja aliyekufa akashinda. Muumini mpya wa Gosforth hakuhitaji mkalimani.

Ingia kanisani basi. Kuna mawe mawili makubwa ya kaburi yenye umbo la nyumba ya paa la mgongo, yalipatikana wakati wa matengenezo ya kanisa miaka ya 1890, na kuna jiwe dogo wanaloliita la uvuvi, watu wawili kwenye mashua, Thor, mungu wa radi, amemtegea joka la baharini kwa ndoano yenye kichwa cha ng'ombe. Hayo yamekaa ndani, kwa hiyo ukiyaangalia baada ya msalaba unapata picha ya mkono wa wachongaji wa enzi ile ulivyokuwa mkali kabla mvua haijaupitia.

Hatua ya 9: modeli ya 3D kwa simu

Hii, tofauti na zote, inataka mawingu. Mwanga sawa pande zote, hakuna kivuli kikali, jiwe kavu. Unazunguka jiwe lote, kila baada ya hatua ndogo unapiga, picha 24 mpaka 36 kwa mzunguko, kila picha ibebe karibu asilimia 70 ya ile iliyotangulia. Mzunguko wa kwanza simu ikiwa usawa wa kifua, wa pili umechuchumaa, wa tatu simu imefungwa kwenye fimbo ndefu ya selfi juu kadiri inavyofika. Kichwa cha msalaba kipo mita 4 juu kwa hiyo kitatoka hafifu, kubali, piga zingine kutoka mbali. Funga fokasi na mwanga visibadilike, usitumie zumu ya kidijitali. Weka rula chini pembeni ya kitako ionekane kwenye picha kadhaa, bila hiyo modeli yako haina kipimo.

Kuchakata: programu ya Meshroom, inayounganisha picha kuwa modeli, ni ya bure lakini inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA, asiyenayo atumie apu kama Polycam au RealityScan. Alafu, na hapa ndo faida yote ilipo, fungua modeli kwenye MeshLab, ambayo nayo ni bure, uzime rangi. Wekundu, madoa, ukoga, vyote vinapotea, inabaki sura tupu ya kijivu, na unauhamisha mwanga utakavyo. Uso wa kaskazini ulioukosa kwa sababu ulienda Januari unaweza kuupa jua la saa moja jioni ya mwezi wa sita.

Hatua ya 10: usikae navyo peke yako

Picha za asili zihifadhi bila kuzihariri, kwenye folda yenye tarehe, na faili dogo la maandishi: wapi, saa ngapi, upande gani, kifaa gani. Tuma nakala kanisani na kwa ofisi ya kumbukumbu za kale ya eneo husika, kila eneo la Uingereza linayo. Picha nzuri yenye tarehe na kipimo ndo inayomwezesha mtu miaka 20 ijayo kusema hapa pamelika. Ukiona mkwaruzo mpya, kipande kimeanguka au mtu kaandika jina lake, piga picha, kipande usikiokote, mwambie mtu wa kanisa na uripoti polisi kwa namba 101 kama ni uharibifu wa makusudi.

Wa nyumbani je?

Njia ni hizihizi kwa makaburi ya nguzo ya Gedi, Kunduchi na Kaole, au ule msalaba wa jiwe juu ya nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi. Gedi kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, zoezi zuri la kuanzia. Ruhusa Kenya unaomba kwa Makumbusho ya Taifa, Tanzania kwa wenye dhamana ya mambo ya kale, na mawe ya matumbawe usiyasugue vilevile.

Ila saa zinabadilika kabisa. Kule kwetu karibu na ikweta jua la mchana linakaa juu ya kichwa, linashuka wima kwenye kila ukuta, kwa hiyo mwezi wa tatu na wa tisa ile saa sita mchana ambayo kila mtu anaikimbia ndo inasomesha nyuso zote nne kwa pamoja. Mwezi wa sita jua limehamia kaskazini, uso wa kaskazini unasomeka mchana na wa kusini upo kivulini, Desemba kinyume chake. Bebeni maji na kofia.